Triathloni ya Kwanza ya Porini: Mwongozo Kamili wa Maandalizi ya Wiki 12

Mtu anayeishi Nairobi, Arusha au Eldoret, na ambaye hukimbia kilomita tano asubuhi bila kuhema sana, akisikia habari za triathloni, yaani shindano la kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mfululizo, hudhani kwamba miguu yake imeshamaliza nusu ya kazi. Huingia majini bila kujua kupumua, akafika nchi kavu moyo ukimdunda kooni, kisha akapanda baiskeli asiyoizoea na kushuka mteremko wenye mizizi na mawe huku ameng'ang'ania breki kwa vidole vyote. Mbio alizozitegemea huanza akiwa hana tena kitu cha kukimbilia. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unageuza mpangilio uliozoeleka: saa nyingi za mazoezi zinakwenda kwa baiskeli na maji, na mbio zinapewa kinachobaki.

Triathloni ya barabarani ilianza San Diego, Marekani, mwaka 1974. Ile ya porini, ambayo baiskeli haikanyagi lami na mbio hupita njia za msituni, ilipata umbo tunalolijua mwaka 1996 katika kisiwa cha Maui, Hawaii, kwa jina la AquaTerra, ambalo baadaye lilibadilishwa kuwa XTERRA. Umbali kamili ni kuogelea mita 1,500, baiskeli takriban kilomita 30 na mbio takriban kilomita 10. Upo pia umbali mfupi, ambao kwa kawaida ni nusu ya huo, na huo ndio ninaoulenga hapa: mita 750 majini, kilomita 15 hivi za baiskeli na kilomita 5 za mbio. Kilomita za porini hazipimwi sawasawa kama za uwanjani, kwa hiyo soma ramani ya mwandalizi na uangalie jumla ya mita za kupanda mlima kabla ya kuangalia umbali.

Anayeanza atatumia dakika 20 hivi majini, saa moja au zaidi kidogo juu ya baiskeli na dakika 35 hadi 45 kwa miguu. Baiskeli, kama unavyoona, inakula nusu ya muda wako wa shindano. Conrad Stoltz wa Afrika Kusini alitwaa ubingwa wa dunia wa XTERRA mara nne, na aliogopwa na wenzake hasa kwa namna alivyokuwa akiendesha baiskeli.

Kama umevuka miaka 40 na hujafanya mazoezi kwa muda mrefu, au una pumu, shinikizo la damu au historia ya moyo, muone daktari kabla ya wiki ya kwanza.

Maji

Wiki 12 zinamtosha mtu anayeweza kuvuka bwawa la mita 25, hata kama ni kwa mtindo wa chura na kwa kuhema. Asiyeweza kuelea atafute mwalimu kwanza, na aanze kuhesabu wiki zake baada ya hapo.

Tatizo la wengi majini ni pumzi, wala si mikono. Mwogeleaji mgeni huibana pumzi uso ukiwa ndani ya maji, halafu anapogeuza kichwa hutaka kutoa hewa na kuvuta hewa kwa nafasi moja isiyotosha hata jambo moja kati ya hayo. Baada ya mita 15 kifua kimejaa hewa iliyochoka, na yeye anaamini kwamba hana stamina. Zoezi la kuliondoa tatizo hili halihitaji kuogelea kabisa. Shika ukingo wa bwawa, nyoosha mwili, tumbukiza uso na utoe mapovu polepole kwa pua na mdomo huku ukihesabu hadi nne. Kisha geuza kichwa upande mmoja, sikio la chini likibaki majini, uvute pumzi fupi na kurudi. Fanya hivyo mara 20 mwanzoni mwa kila zoezi kwa wiki tatu za kwanza, hata kama watoto wa bwawa hilo watakucheka.

Katika wiki ya kwanza ogelea mita 25 mara nane, ukipumzika nusu dakika kila unapofika ukingoni. Ongeza takriban mita 100 kwa jumla kila wiki, na kadiri wiki zinavyokwenda unganisha vipande hivyo: mita 50 bila kusimama, kisha 100, kisha 200. Ukifika wiki ya nane uwe unaweza kuogelea mita 800 mfululizo, kwa mwendo wowote ule. Kasi usiiwaze bado. Mwogeleaji wa wastani anayejikaza ili kuokoa dakika mbili majini huzilipa mara tatu kwenye mlima wa kwanza wa baiskeli.

Ziwani na baharini hakuna mstari mweusi wa kuufuata chini, wala ukuta wa kupumzikia. Kila baada ya mikono sita au minane itakubidi uchungulie mbele kama mamba, macho tu yakitokeza juu ya maji, uone boya liko wapi, kisha ugeuze kichwa kando upumue. Ukiinua kichwa chote, miguu huzama na unakuwa kama unaogelea kupanda ngazi. Unaweza kujifunza jambo hili bwawani: weka chupa ya rangi kali kwenye ukingo wa mbali na uichungulie kila unapovuka.

Mazoezi ya maji ya wazi yafanye angalau mara tatu kabla ya siku yenyewe, na uchague mahali kwa makini. Ziwa Victoria lina kichocho, hasa kwenye kingo zenye maji yaliyotulia na magugu wanamoishi konokono wanaokibeba, na lina mamba katika baadhi ya sehemu. Naivasha kuna viboko, na kiboko habishani na mtu. Pwani ni afadhali, lakini bahari nayo ina saa zake: maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa huweza kuzidi mita tatu. Ogelea maji yakiwa yamejaa au yanakaribia kujaa, ndani ya mwamba, mbali na milango ambayo maji hutokea kwa nguvu yanapoanza kupwa. Waulize wavuvi, maana wanaijua mikondo ya mahali pao kuliko programu yoyote ya simu. Usiogelee peke yako, na ufunge kiunoni boya dogo la rangi ya machungwa ili mashua zikuone.

Nitasimulia yaliyonipata mimi. Katika shindano langu la kwanza nilijipanga katikati ya kundi kwa sababu nilijiona niko tayari. Hatukufika mita 60 kabla teke la mtu kung'oa miwani yangu kwenye jicho la kushoto. Maji yakaingia, nikameza funda, na kifua kikabana kana kwamba kimefungwa mkanda. Nililala chali, nikatazama juu, nikahesabu pumzi kumi, nikavaa miwani upya na kuendelea kwa mtindo wa chura hadi kwenye boya la kwanza. Nilipoteza pengine dakika moja na nusu. Tangu siku hiyo hujipanga pembeni na nyuma, nikawaacha wenye haraka kwa sekunde kumi kabla ya kuingia. Kulala chali si kushindwa, na ulifanyie mazoezi jambo hilo bwawani mpaka mwili ulijue wenyewe.

Baiskeli

Usinunue baiskeli ghali kwa shindano la kwanza. Baiskeli ya milimani ya mtumba, yenye breki za diski zinazokamata vizuri na tairi zenye meno mazima, itakufaa kuliko ile yenye shokapu mbele na nyuma ambazo zimeshaanza kuvuja mafuta. Nenda na fundi unayemwamini, ainue gurudumu na alizungushe aone kama linayumba, akague fremu mahali palipochomelewa, na apime mnyororo. Pata kipimo cha mwili wako pia: ukikaa kitini na kuweka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa, mguu uwe umenyooka bila nyonga kuinama upande.

Kofia ngumu si jambo la hiari. Katika sheria za triathloni, kofia inapaswa kuwa imefungwa kidevuni kabla hujaigusa baiskeli, na iendelee kufungwa mpaka utakapoirudisha mahali pake.

Wiki nne za kwanza tenga saa moja kwa juma kwa ajili ya ufundi tu, katika uwanja wa nyasi. Panga chupa sita kwa umbali wa mita mbili mbili na uzipite kwa mwendo wa polepole kabisa bila kuweka mguu chini. Mwendo wa polepole ndio unaofundisha kukaa sawa. Kisha chora mstari, uje kwa kasi ya wastani na ujifunze kusimama juu yake. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu kubwa ya kusimamisha, na wengi huiogopa kwa sababu wamewahi kuona mtu akirushwa juu ya usukani. Ukiibana taratibu kwa kidole kimoja, huku mwili umeurudisha nyuma na chini, haikurushi. Ukiikamata kwa ghafla, gurudumu likiwa limegeuka au liko juu ya changarawe, itakuangusha.

Kwenye mteremko simama juu ya pedeli zote mbili zikiwa sambamba na ardhi, viwiko na magoti yakiwa yamelegea, kiti kikicheza chini yako bila wewe kukikalia. Macho yatangulie mita kumi hadi kumi na tano mbele, maana baiskeli huenda unakotazama, na anayelitazama jiwe hulipanda. Mizizi iliyolowa ivuke kwa pembe ya mraba, bila kufunga breki ukiwa juu yake. Breki zifungwe kabla ya kona, na ndani ya kona ziachiwe.

Pale msitu wa Karura, Nairobi, ambako njia za baiskeli zimetengwa na makutano yamewekewa namba, nilikuwa na mteremko wangu wa urefu wa mita thelathini tu. Ulikuwa na udongo mwekundu, mzizi mmoja mnene uliokatiza njia kwa mshazari, na kona ya kulia mara baada ya mzizi huo. Kwa wiki mbili nilishuka nikikokota baiskeli. Siku moja niliamua kutopita mahali pengine popote: nilishuka na kupanda mteremko huo mara kumi na moja, mara tatu za kwanza kwa miguu ili nione kila kitu, kisha juu ya baiskeli. Mara ya tano niliegemea mti. Mara ya nane nikagundua kwamba mzizi ule unapitika upande wa kushoto kabisa, ambako udongo umeumeza karibu wote. Njia ngumu huwa na mlango wake wa namna hiyo, na saa moja ya kurudia kipande kimoja huonyesha mambo ambayo kilomita 30 za kupitapita hazionyeshi.

Mlimani, punguza gia kabla mlima haujakulazimisha, kwa sababu mnyororo unaobadilishwa ukiwa umekazwa hulia, hukwama au hukatika. Kaa mbele ya kiti na uinamishe kifua ili gurudumu la mbele lisiinuke. Ukiona unakanyaga kwa nguvu zote na mwendo ni wa kutembea, shuka usukume. Sheria hairuhusu kuiacha baiskeli, lakini kuikokota inaruhusu, na mara nyingi anayekokota hufika juu akiwa na pumzi zaidi. Jifunze kushuka na kupanda ukiwa bado kwenye mwendo.

Wakati wa masika ongeza tahadhari. Udongo mweusi wa mfinyanzi hujaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu likakataa kuzunguka, na hakuna ufundi unaousaidia isipokuwa kijiti cha kuchokolea na subira.

Pancha nazo ni sehemu ya mchezo katika nchi ya migunga. Kwa mwenye kilo 70 anayetumia tyubu, presha ya psi 25 hadi 30 inatosha. Ikizidi hapo baiskeli inarukaruka juu ya mawe, ikipungua mno tyubu inabanwa na rimu na kutoboka. Tairi zisizotumia tyubu, zenye maji mazito ya kuziba matundu, ni bora zaidi kama uwezo upo. Beba tyubu mbili, pampu, vijiti vya kubandulia tairi na viraka, na ujizoeze nyumbani mpaka uweze kubadilisha tyubu kwa chini ya dakika kumi, kwa sababu katika shindano unatarajiwa kujitengenezea mwenyewe. Mimi niliwahi kubadilisha kwa dakika saba, nikajisifu kimoyomoyo, nikaenda mita mia tano, tairi likalala tena. Mwiba ulikuwa bado umo ndani ya tairi. Tangu hapo hupitisha vidole taratibu sehemu yote ya ndani ya tairi kabla ya kuweka tyubu mpya, na ninakushauri ufanye hivyo hata ukiwa umeshauona mwiba mmoja: miiba huwa haiji mmoja mmoja.

Miguu

Kwa kuwa wasomaji wengi wanajua kukimbia, nitasema machache. Njia ya porini haitaki hatua ndefu. Fupisha hatua, inua miguu kidogo zaidi ya kawaida ili vidole visikwae, na uache mikono itanuke kando kukuweka sawa. Mlima mkali utembee kwa haraka, mikono ikisukuma mapaja. Kifundo cha mguu ndicho kinachoumia, kwa hiyo kiimarishe kwa kusimama kwa mguu mmoja kwa dakika moja moja, jambo linaloweza kufanyika hata kituoni ukisubiri matatu.

Jambo usilolijua ni kukimbia baada ya baiskeli. Mapaja huwa mazito kama magogo, na unajiona kana kwamba umekodi miguu ya mtu mwingine. Hali hiyo hudumu dakika tano hadi kumi, kisha hupita, na mwili huizoea ukiwa umeionja mara kadhaa. Ndiyo maana kuanzia wiki ya nne kila baiskeli ndefu ya Jumamosi ifuatwe na mbio za dakika 10, baadaye 20, bila kukaa chini katikati.

Ratiba ya juma

Jumatatu pumzika. Jumanne na Ijumaa ni za maji, dakika 40 hadi 60. Jumatano ni ya baiskeli: ufundi kwa wiki nne za kwanza, na baada ya hapo milima mifupi, ukipanda kwa nguvu dakika tatu na kushuka taratibu, mara nne hadi sita. Alhamisi kimbia dakika 30 hadi 40 kwenye njia zenye kupanda na kushuka. Jumamosi ni ya baiskeli ndefu, ukianza na saa moja na kufika saa mbili, pamoja na mbio zile fupi. Jumapili kimbia kwa utulivu, dakika 40 hadi 60, au ubadilishe na maji ya wazi. Jumla yake ni saa nne na nusu hadi tano katika wiki ya kwanza na saa saba hivi katika wiki ya kumi.

Sehemu kubwa ya mazoezi hayo ifanyike kwa mwendo unaokuwezesha kuzungumza sentensi nzima. Wiki ya nne na ya nane punguza muda kwa theluthi moja, hata kama unajisikia una nguvu. Wiki ya tisa fanya jaribio: nusu ya umbali wa kila kipengele, kwa mfululizo, ukiwa na nguo na chakula kilekile utakachotumia siku ya shindano. Wiki ya 11 anza kupunguza, na ya 12 ubaki na mazoezi mafupi matatu tu. Ukikosa siku mbili kwa homa au kazi, usizilipe. Endelea na siku iliyopo. Anayeishi kwenye mwinuko kama wa Nairobi, mita 1,700 hivi, ataliona shindano la pwani kuwa jepesi kwa pumzi na zito kwa joto, kwa hiyo afike siku chache mapema kama anaweza.

Chakula hakihitaji duka maalumu. Saa tatu kabla ya kuanza, uji na viazi vitamu au mkate vinatosha. Juu ya baiskeli lenga gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa: ndizi moja ya wastani ina takriban gramu 25, na tende nne au tano hukaribia kiasi hicho. Maji yenye sukari, ndimu na chumvi kidogo hufanya kazi yake vizuri. Kula kwenye sehemu tambarare, maana kwenye mteremko mikono yote miwili ina kazi.

Siku yenyewe

Siku moja kabla, itembelee njia, angalau kilomita tatu za mwanzo za baiskeli na mteremko mbaya kuliko yote. Katika eneo la kubadilishia, ambako baiskeli yako inakusubiri, tandika taulo dogo na upange vitu kwa mfuatano wa kuvitumia: kofia ikiwa juu ya usukani, mikanda yake ikiwa wazi, kisha viatu, soksi zilizokunjwa nusu, namba, na chupa ya maji ya kusuuza mchanga miguuni. Acha baiskeli ikiwa kwenye gia nyepesi. Tafuta alama isiyohama, kama mti au nguzo, ya kukukumbusha mstari wako, kwa sababu ukitoka majini kichwa kinazunguka na baiskeli zote zinafanana.

Kilomita mbili za mwanzo za baiskeli ziende taratibu mpaka pumzi itulie. Anayekuja nyuma kwenye njia nyembamba atakuambia anapitia upande gani. Mpishe mahali panaporuhusu, si pale anapotaka yeye. Kwenye mteremko uliokushinda siku ya mazoezi, shuka ukokote bila aibu.

Ukishamaliza, kula ndani ya saa moja, osha baiskeli kwa maji yasiyo na presha kubwa ili grisi ya beringi isitoke, ukaushe mnyororo na kuupaka mafuta kabla ya kulala. Kama uliogelea ziwani, weka alama kwenye kalenda wiki sita hadi nane mbele, uende zahanati ukapimwe kichocho. Ukipima mapema kuliko hapo, mayai huenda hayajaanza kuonekana, na dawa yake hufanya kazi vizuri zaidi minyoo ikiwa imeshakomaa.